Mrushaji wa Akiba

Mkono wangu wa kulia haunyooki. Ukifika kwenye kiwiko unabaki umekunjika kidogo, na umekuwa hivyo tangu mwaka wa sitini na saba. Hapa nyumbani Khuwair ya Kusini, mjini Maskati, vikombe vimewekwa rafu ya chini kwa ajili yake, na mke wangu hunifunga kifungo cha shingo cha dishdasha, kanzu ya huku, bila kuombwa. Wajukuu wanadhani nilianguka. Mmoja wao, yule wa wizarani, huwaambia wenzake kwamba babu yake aliumia vitani, nami sijamsahihisha, kwa sababu vita vina heshima yake. Mimi niliumia kwa kucheza mpira wa Wamarekani.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kriketi. Nilisoma skuli ya mjini huko Unguja, na mwalimu wetu wa michezo, Mgoa ambaye suruali yake nyeupe haikuwahi kushika vumbi, aliniona nikirusha akasema nina nguvu lakini natupa. Katika kriketi kutupa ni aibu. Mrushaji huja mbio, akauzungusha mkono ulionyooka tangu begani mpaka kiganjani, na akikunja kiwiko tu, mwamuzi anaukataa mpira ule mbele ya watu wote. Mwalimu akamwita mama, maana baba alikuwa ameshafariki. Mama hakujua kriketi ni mnyama gani, ila neno aibu alilielewa vizuri. Alichukua rula yangu ya mbao, akachana kipande cha kanga kuukuu, akanifunga mkono na rula ile kila alasiri, nikitoka skuli, mpaka adhana ya magharibi. Nikilazimika kula kwa mkono wa kushoto, ananigombeza kwa kula kwa mkono wa kushoto, na rula hafungui. Baada ya miezi minne mkono ukanyooka, na hakuna mwamuzi aliyenikataa tena.

Mama huyo huyo alinifunza kwamba muungwana haombi mara mbili. Ukishamwambia mtu haja yako umemwambia. Kumrudia ni kumdai, na kumdai mtu mzima ahadi yake ni sawa na kumwita muongo. Ikibidi akumbushwe, basi unamtuma mzee mwenzake akazungumze naye pembeni, akiwa ameshakunywa kahawa na roho yake imetulia. Hayo nayo yalinikaa, na hayakuhitaji rula.

Mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, tuliopewa jina la Wamanga, Waarabu wa Omani, tulipandishwa melini, wanaume peke yetu. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mama akabaki, na baada ya miezi kadhaa akavuka kwenda Mombasa kwa mdogo wake wa kike. Mimi nikateremshwa Maskati, katika nchi ambayo tangu utotoni nilikuwa naambiwa ni yangu na ambayo sikuwahi kuiona hata kwenye picha. Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia. Nilipofungua mdomo sokoni Matrah, mji wa jirani, watu waligeuka kutazama ni nani aliyewaletea mtu huyu.

Maskati ya siku zile ilikuwa na mlango, na mlango wenyewe ulifungwa kweli. Mzinga ukishalia geti linakomewa, na mwenye kutembea baada ya hapo abebe kandili aonekane uso. Na nchi nzima ilikwenda kwa mtindo huo. Kuingia kwa rukhsa, kutoka kwa rukhsa, na aliyetoka asitegemee kurudi. Ningekwenda mwenyewe Mombasa, basi ningebaki huko bila kazi wala karatasi, tukawa watu wawili wa kulishwa na mama mdogo. Na ili mama aje huku, ilitakiwa barua ya mtu anayejulikana serikalini, ipelekwe ofisini, na ofisi iipeleke Salala aliko mtawala. Mimi sikumjua mtu anayejulikana. Nilikuwa na mzee mmoja katika kijiji cha Bawshar, mdogo wake babu niliyemwita ami, mwenye mitende michache na punda mmoja mkorofi.

Nilichotaka kilikuwa hicho tu, mama aje. Walikuwapo wenzangu waliotaka mke, waliotaka gari, waliotaka kwenda Kuwait. Mimi nilikuwa kila nikiweka sahani ya wali mbele yangu namwona yeye Mombasa, anakula nyumbani kwa watu, anaomba ruhusa ya kwenda kuteka maji. Mama yangu hakuumbwa kuwa mgeni.

Mwishoni mwa mwaka wa sitini na tano nikapata kazi ya ukarani wa stoo katika kambi ya wajenzi wa bomba la mafuta, ng'ambo ya milima ya Matrah, pwani ile ambako sasa pamejaa matangi. Wahandisi na wachomeleaji wengi wao walikuwa Wamarekani. Kazi yangu ilikuwa kugawa glavu, misumari, vyuma vya kuchomelea na sabuni, na kupiga barua kwa taipu. Siku moja mbuzi waliingia stoo wakaanza kula karatasi za mifuko ya saruji. Nilishawafukuza mara tatu, na subira yangu tangu zamani haikuwa nyingi. Niliokota jiwe, nikaja hatua zangu sita kama nilivyofunzwa, nikazungusha mkono, nikampata beberu wao kwenye pembe kutoka umbali wa kama nyumba mbili. Beberu akakaa chini kutafakari. Nyuma yangu nikasikia mtu anacheka.

Alikuwa mkuu wa kambi, mtu mkubwa mwekundu kutoka Texas, mwenye sauti ya kuita ng'ombe na macho ya upole. Aliniambia nirushe tena. Nikarusha. Akaenda akarudi na mpira mweupe wenye mshono mwekundu, akachuchumaa mbele ya ukuta wa stoo na glavu moja kubwa ya ngozi, akaniambia nimpelekee hapo kifuani.

"Huo mkono si fimbo, Karani," alisema. "Ukunje."

Nikamweleza kwamba kwetu kukunja ni kosa. Akasema kwao ni kutokukunja ndiko kosa. Jioni ile alinishika kiwiko mwenyewe akanionyesha, unavuta nyuma, unakunja, unaachia. Nilihisi navuliwa nguo. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa nimeshaona kwamba mtu huyu ana muhuri mezani, na kwamba barua zake ofisi za serikali huzipokea kwa mikono miwili. Nikakunja.

Mchezo wenyewe, besiboli, nitausema kwa ufupi, maana nimeshawaeleza wajukuu mara nyingi nao husinzia. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu, mdakaji anachuchumaa mbele yake, na katikati yao anasimama mpigaji na gongo lake. Unamrushia mdakaji, mpigaji anataka kuuzuia. Akiukosa mara tatu anatoka. Akiupiga anakimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na akirudi alipoanzia timu yake inapata alama. Watatu wakitoka zamu imekwisha, na zamu ni tisa. Na mpira lazima umfikie mdakaji hewani. Hili nalitaja makusudi. Katika kriketi mpira unaudundisha chini mbele ya mpigaji, na katika kudunda kule ndiko kuna ufundi wote. Kwa Wamarekani mpira uliodunda ni taka, na ukimpita mdakaji, waliosimama vituoni wanakimbia kwa raha zao.

Uwanja ulikuwa changarawe iliyomwagiwa mafuta machafu ili vumbi litulie, mistari yake ya chokaa. Tulicheza Ijumaa baada ya sala, miezi ya baridi tu. Walikuja mabaharia wa meli za vifaa, walikuja wajenzi wa gati, na wabaya wetu hasa walikuwa wachimbaji wa jangwani, waliokuwa wakiletwa kwa ndege yao ndogo wakiwa na kiu ya kila kitu. Mrushaji wetu wa kwanza alikuwa mchomeleaji mmoja, mtu wa mabega. Alirusha zamu sita, pengine saba. Akishachoka na mambo yameshaharibika, mkuu wa kambi, ambaye ndiye aliyekuwa mdakaji, anasimama, anavua kinyago, ananiashiria kwa kidole. Hapo ndipo mimi naingia. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Ndiyo kazi ya mrushaji wa akiba. Saa mbili nzima umekaa juu ya kreti karibu na mapipa ya maji, mkono umeuzungushia taulo usipoe, na hakuna unachoweza kufanya. Unaitazama nyumba inaungua polepole. Wakikuita, unakuta watu wa adui vituo vyote, na jua limeshuka machoni. Ukiokoa, watu wanambeba mchomeleaji. Ukishindwa, wewe ndiye uliyepoteza. Niliandikwa karani na kulipwa karani, lakini kila mtu kambini alijua nimeajiriwa kwa ajili gani. Alipokuja karani Mhindi aliyejua stoo mara kumi kuliko mimi, yeye alipelekwa kambi nyingine, mimi nikabaki.

Msimu wa kwanza uliposhika kasi, nilimwomba. Niliingia ofisini kwake asubuhi, nikamwambia nina mama Mombasa, ni mtu mzima, na barua moja tu kutoka kwake ingemsogeza. Alinisikiliza vizuri. Akasema mama yake mwenyewe yuko peke yake shambani na mbwa. "Nitaiandika, Karani," alisema. "Bila shaka nitaiandika." Nikatoka mle sijui nakanyaga chini au juu.

Nikangoja. Wiki, mwezi, msimu ukaisha. Sikumkumbusha. Ningemkumbusha vipi? Kwetu jambo hili ni la kutuma mtu mzima, na mtu mzima wangu alikuwa ami, ambaye hakujua neno la Kiingereza na aliyeamini kwamba Nasara, Wazungu hawa, wote wananuka siagi. Basi nikawa nafanya nilichokijua. Naingia ofisini, naamkia, namuuliza hali, mke, watoto, mama yake, mbwa wa mama yake. Kila akijibu nanyamaza, nampa nafasi akumbuke. Mbele ya mtu wa pwani, kunyamaza kule kungekuwa sawa na kupiga kelele. Yeye alikuwa akifurahi, ananionyesha picha za mbwa, kisha ananiuliza, "Kuna jingine, Karani?" nami nasema hapana, nilikuja kukuamkia tu. Nilisikia baadaye kwamba aliwaambia wenzake hajawahi kuona watu wenye adabu kama sisi.

Mama alikuwa akiandikiwa barua na watoto wa mama mdogo, zinanifikia kupitia duka la Banyani mmoja Matrah. Kila barua ina neno subira. Subira yavuta heri, mwanangu. Nami kila nikijibu naandika inshallah karibuni, bwana mkubwa ameshakubali, na moyoni nasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nilikuwa nikimkasirikia. Nasema kweli, nilimkasirikia mama kwa kuwa mvumilivu, maana angelalamika labda ningepata ujasiri.

Msimu wa pili kiwiko kikaanza. Kwanza kilikuwa kinauma siku ya Jumamosi, kisha mpaka Jumanne, kisha ikawa hakuna siku. Muuguzi wa kambi alinipaka dawa inayowasha akasema nipumzike. Nipumzike vipi, na mkono ndio barua yenyewe? Nilikuwa nakwenda Bawshar kwa ami, naingiza mkono kwenye maji moto ya chemchemi, nakaa na wazee wenye baridi yabisi.

Ami alinitazama siku moja, yuko juu ya punda wake.

"Wewe kazi yako nini khasa huko?"

"Karani, ami. Karani wa stoo."

"Nnajua makarani mimi. Unguja nilikaa miaka thalathini. Makarani wanaumwa macho, wanaumwa mgongo. Karani anayeumwa kiwiko sijapata kumuona."

"Mizigo, ami."

"Na huyo Nasara, barua ya mamako kaandika?"

"Bado, ami. Ataandika."

"Umemwambia?"

"Nilimwambia."

Ami akatikisa kichwa, akampiga punda teke. "Basi keshajua," alisema. "Muache." Hata yeye aliona hivyo.

Kufikia mwanzo wa mwaka wa sitini na saba bomba lilikuwa karibu kwisha. Watu wakaanza kufunga mizigo. Nikasikia mkuu wa kambi ataondoka baada ya Ijumaa ya mwisho, mechi na wachimbaji wa jangwani. Hapo hofu ilinishinda adabu, lakini nusu tu. Niliipiga ile barua mwenyewe kwa taipu, maneno manane ya heshima na haja moja, nikaacha nafasi ya saini chini, nikaiweka juu ya karatasi zake Ijumaa asubuhi bila kusema neno. Aliiona mbele yangu. Akapiga paji la uso.

"Mama yako," alisema. "Mungu wangu, mama yako." Akapapasa kalamu, hakuiona, na nje wanamwita, ndege ya wachimbaji imeshatua. Akaikunja ile barua akaitia mfuko wa shati. "Baada ya mchezo, Karani. Kitu cha kwanza."

Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wangu. Nilikuwa karani, kalamu haikosi. Lakini mtu ameshasema baada ya mchezo, wewe umpokonye neno umtolee kalamu usoni? Mkono wangu ulifika mfukoni ukarudi.

Alipovaa ngao yake ya kifuani alivua shati, akalitundika kwenye msumari wa nguzo ya kibanda, kando ya mapipa ya maji. Kando yangu. Nilikaa kwenye kreti langu zamu nane nzima, na ile karatasi nyeupe inachungulia mfukoni, nyuma ya pakiti ya sigara. Upepo ukivuma shati linageuka, nasimama kuhakikisha bado ipo. Ningeweza kuichukua, ila karatasi isiyo na saini haina faida kwa mtu yeyote. Mchezo wenyewe siukumbuki. Nakumbuka shati.

Zamu ya tisa, wao ndio wa mwisho kupiga, tunaongoza kwa alama moja, mchomeleaji amekwisha. Wachimbaji wana watu kituo cha pili na cha tatu, na wameshatolewa wawili. Nimtoe mmoja, tumeshinda. Mkuu wa kambi akavua kinyago akanyoosha kidole.

Mrusho wa kwanza mpigaji aliukosa. Wa pili pia. Kiwiko kilikuwa kinaniunguza ndani, na kila nikikunja naona weusi. Nikamtazama mkuu wa kambi amechuchumaa, glavu wazi, ananitaka nimpelekee hapo kifuani kama siku ya kwanza, nikafikiri huu mmoja, kisha kalamu. Nikafikiri mama. Na nilipomfikiria mama, mkono ukafanya alichoufunza yeye. Hatua zilinitoka mbio, kiwiko kikanyooka, kikalia ndani yangu mlio nilioujua ni wa kitu kuachana na kitu, na mpira ukaenda chini, ukadunda mbele ya mpigaji, mdundo mzuri kuliko yote niliyopata kudundisha maishani. Unguja pale yule Mgoa angepiga makofi. Ukagonga changarawe, ukaruka juu ya bega la mdakaji, ukaenda mpaka kwenye mapipa. Wa kituo cha tatu aliingia, na wa cha pili akaja nyuma yake, wakatupita kwa alama moja, na mchezo ukaisha.

Wachimbaji walikuwa wanarukiana. Wenzangu hawakunitukana. Mchomeleaji alitazama chini akasonya. Nilibaki juu ya kichuguu nimeushika mkono, na mkuu wa kambi akaja mpaka nilipo, jasho linamtiririka, akaniwekea kiganja begani.

"Ni mchezo tu, Karani," alisema.

Neno lilikuwa mdomoni. Barua. Silabi tatu. Lakini nimeshampotezea mechi yake ya mwisho mbele ya wageni, kisha hapo hapo nimkumbushe haja yangu? Hata mtoto aliyelelewa jaani asingefanya hivyo. Nikamwambia, "Pole, bwana." Akacheka, akanipiga bega, akaenda. Alilichukua shati msumarini, akalitupia begani bila kulivaa, akapanda gari pamoja na wachimbaji. Nikasema moyoni kesho asubuhi.

Asubuhi nilikuja na lori la kwanza kutoka Matrah. Ofisi yake ilikuwa imefagiliwa. Aliondoka jioni ile ile na ndege ya wachimbaji, ili awahi nyingine ya Bahrain, na mezani palibaki kikombe na picha moja ya mbwa aliyoisahau. Nilifungua droo zote. Nilitazama hata kwenye pipa la taka, nikatoa karatasi moja moja. Nikangoja posta miezi sita, labda atakumbuka akifua shati. Mpaka leo sijui kama alikasirika au alisahau. Nimechagua kwamba alisahau, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, ingawa katika hayo mawili kusahauliwa ndiko kunakouma zaidi.

Mkono haukurudi. Daktari wa misheni Matrah alinieleza kwamba mfupa umeota pasipotakiwa, utabaki ulipo. Nikaendelea na ukarani kwa kampuni iliyofuata, nagawa sabuni kwa mkono wa kushoto. Barua za mama zikaendelea, subira, subira, na mimi nikaacha kuandika karibuni. Miaka mitatu sikuwa na la kufanya, na sikulifanya.

Kisha mwaka wa sabini nchi ikafunguka. Siwezi kusema ni kwa juhudi ya nani, hakika si yangu. Tulikuwa tumelala katika utawala mmoja tukaamka katika mwingine, na redio ikawaita Waomani wote walio nje warudi kwao. Hakuna barua, hakuna bwana mkubwa. Watu wakaja wenye mkono mzima na wasio na mkono, waliowahi kuomba na wasiowahi, na mwisho wa mwaka ule mama naye akaja kama watu wote.

Ndege ilitua kwenye kile kiwanja cha zamani katikati ya milima. Aliteremka ngazi akishikilia kamba, mdogo kuliko nilivyomuacha, na macho yote mawili yameingia ukungu. Nilikimbia nikanyoosha mikono kumpokea. Mmoja ulimfikia, mwingine ukaishia njiani. Yeye hakuona, lakini aliposhikwa akapapasa, akashuka na mkono wangu kutoka begani mpaka kiwikoni, vidole vyake vikasimama pale.

"Nani kaupinda?" aliuliza. Hata salamu hatujamaliza.

Nikamwambia twende nyumbani kwanza. Siku ya pili, baada ya kahawa, chumbani kwangu Matrah, nilimhadithia yote, beberu, Mmarekani, shati, mpira uliodunda. Nilitaraji atanionea huruma. Alisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama anayehesabu tasbihi.

"Ulimwambia mara ngapi?" aliuliza.

"Mara moja, mama. Sikutaka kumdai."

"Kwa mwaka mzima."

"Kwa mwaka mzima."

Nje alipita muuza mafuta ya taa, akaita mpaka mwisho wa uchochoro.

"Mimi ndiye niliyekufunza," alisema.

Nikamwambia si kosa lake, yaliyoandikwa yameandikwa. Nilisema mengi, na sidhani alisikia lolote. Tangu siku hiyo mambo ya barua hatukuyataja tena. Lakini alasiri yake aliniita, akaniuliza kama nna rula. Nikampa ile ya ofisini. Alikuwa ameshachana kanga, nzima, mpya, aliyokuja nayo kutoka Mombasa. Akapapasa mkono wangu, akaulaza juu ya goti lake, akaweka rula, akazungusha kitambaa na kukaza, anakaza kwa meno, macho yake yanatazama ukutani.

"Utanyooka," alisema. "Ulinyooka zamani, utanyooka."

Aliufunga kila alasiri mpaka magharibi, miaka minne, mpaka alipofariki. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nina mke na cheo, na nikitoka kazini naketi chini namletea mkono. Ulikuwa unaniuma sana. Maneno ya daktari sikumwambia.